Ronald Garrod na Kengele ya Baa ya Nanga

Wapendwa mliofika kutufariji, mimi ni Glenys, dada mdogo wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wifi yangu Maureen hawezi kusoma bila kulia, nami nitajitahidi kwenda taratibu, ingawa katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya jambo lolote taratibu.

Ronald alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika kisiwa cha Canvey, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mpishi wa shule, na mafuriko ya mwaka 1953 yalipotutoa nyumbani kwa mashua, mama alisema tangu siku ile mtoto huyu hakukaa tena kitini akamaliza chai. Aliacha shule mwaka 1962, akaajiriwa kwenye matangi ya mafuta, na jioni alipiga gitaa.

Mwaka 1972 yeye na wenzake wa bendi walipata nafasi ya kupiga kila Alhamisi katika baa ya Nanga, kule Kentish Town, London, jukwaa lenyewe makreti ya bia yaliyofunikwa mbao, na mwenye baa, Bwana Hoskin, muda wa kufunga ukifika aligonga kengele hata kama wimbo uko katikati, sheria ni sheria. Ronald hakuvumilia kukatizwa, basi akafupisha nyimbo, akaondoa madoido, akaongeza mwendo, akazicharaza nyuzi kama anayekatakata vitunguu, ili wimbo wa mwisho uishe kabla ya kengele.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Maureen, wakajaliwa binti, Lorna. Wakati huo vijana walikuwa wanajaa pale Nanga kusikiliza, baadaye wakanyoa panki, wakajichomeka pini masikioni, wakaondoka na mwendo ule ule, wakajaza kumbi, na waliowafuata wakausafisha, wakaongeza kinanda, wakauita wimbi jipya. Mmoja wa vijana wale wa Nanga, Stuart Pask, alimwambia, "Kaka, hasira zako ndizo zilizotufundisha kazi," naye Ronald akamjibu, "Hasira gani, dogo? Mimi nilikuwa nawahi kengele." Stuart alidhani ni utani. Nakuona pale nyuma, Stuart, nywele zenyewe zimekwisha, karibu.

Bendi ilivunjika mwaka 1977, Ronald akarudi kwenye matangi mpaka alipostaafu. Kilichomuuma, nasema wazi, ni kwamba kila redio ilipoeleza muziki ule ulianzia wapi, alisimama na kikombe mkononi akingoja jina lake, kipindi kikaisha bila kutajwa, akazima redio, akatoka kwenda kutembea kwenye ukuta wa bahari mpaka Lorna amfuate.

Mwaka 2019 aliugua mapafu, madaktari wakamwambia apumzike, akawauliza mpaka saa ngapi. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2022, nyumbani, Maureen akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa kwenye matangi, na wewe, Stuart, uliyemtaja juzi redioni, jina lake lote na kengele yake, Maureen akasikiliza mpaka mwisho amesimama, kikombe mkononi. Umechelewa, lakini asante.

Binti wa Bwana Hoskin ametuletea kengele yenyewe, ipo hapa juu ya jeneza, na Lorna ameufunga ulimi wa kengele kwa leso. Leo hailii, kaka. Pumzika, huna tena cha kuwahi.