Mama Sindano, Aliyeuliza Kila Mtu Alikotoka

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Sindano, alizaliwa tarehe 3 Februari 1961 hapa hapa bondeni, katika nyumba hii ambayo ukuta wake wa nyuma unatazamana na kinamasi. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watatu. Homa za utotoni alizipata zote, na zote zilimwacha salama.

Shule ya msingi alisoma ng'ambo ya kinamasi, sekondari akasoma bweni, kisha akapanda kwenda mji wa mlimani kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1984. Mama alimpelekea masweta mawili kwa ajili ya baridi ya huko. Aliyavaa yote kwa pamoja mpaka alipozoea.

Aliajiriwa katika hospitali ya mji huo, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita kwenye chumba cha chanjo za wasafiri, mwisho wa korido, penye benchi la mbao na jokofu linalonguruma. Kila msafiri aliyeingia, dada alimuuliza anakwenda wapi. Akirudi na homa, alimuuliza ametoka wapi, hata kabla ya kumuuliza anaumwa nini. Aliwahimiza watu kuchemsha maji, kulala ndani ya chandarua, na kumeza vidonge vya kuzuia malaria kabla ya safari, wakiwa safarini, na hata baada ya kurudi. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumwomba amgongee muhuri kwenye kadi ya homa ya manjano bila kumchoma sindano.

"Baba, kadi ataisoma askari wa mpakani," alimwambia. "Mbu hajui kusoma. Kunja shati."

Akakunja.

Shemeji yetu ni fundi wa majokofu. Aliitwa kutengeneza lile la chanjo, na tangu hapo likawa haliishi kuharibika, mpaka mganga mkuu akaanza kushuku. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989, wakajaliwa binti mmoja.

Machi mwaka huu Mama aliteleza uani, akavunjika nyonga, na dada akafunga safari kuja kumuuguza. Binti yake alimtilia vidonge kwenye mkoba. Akamcheka.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa kule. Wale mbu ni watani zangu."

Hili linatuuma kuliko yote. Kila mzaliwa wa huku aliyepita chumbani mwake, dada alimwonya kwamba mwili ukikaa mbali na malaria miaka mingi, unasahau kupambana nayo. Aliwaonya wote isipokuwa yeye mwenyewe. Chandarua kilichokuwepo alimfungia Mama, naye akajilaza kwenye mkeka kando ya kitanda.

Mwanzoni mwa Mei alirudi kwake, homa ikamshika. Alisema ni uchovu wa kuuguza, nasi tukampa pole. Katika hospitali yake mwenyewe walimpa dawa za mafua. Walijua alikuwa likizo, lakini hakuna aliyemuuliza likizo hiyo aliimalizia wapi. Alipoanza kuweweseka ndipo walipompima damu, na malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Alifariki tarehe 14 Mei, saa nane mchana, mumewe akiwa amemshika mkono. Vile vidonge vilikutwa mkobani, havijafunguliwa.

Ameacha Mama, ambaye leo anatembea kwa mkongojo kwa jitihada za dada. Mume, binti, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake wawili. Tumeumia, na hatuwezi kujifanya tumepoa.

Ninyi mliotoka mlimani kuja kumsindikiza, binti yake yuko pale mlangoni na vyandarua vya kulalia leo. Msimkatalie. Na mkisharudi makwenu, homa ikiwashika, msiseme ni uchovu wa msiba. Nendeni hospitali, na msingoje kuulizwa mmetoka wapi. Semeni mmetoka bondeni, kumzika Mama Sindano.

Dada, amani iwe nawe hapo ulipolala.