Karavani Katikati ya Mawe Mawili

OPERETA: Ruiru, ongea. Thika yuko kwa laini. Mna dakika tatu.

KALELI: Haloo? Nani huyo ananitoa kwa trekta saa za kazi?

MUASYA: Shemeji, ni mimi, Muasya. Habari ya huko?

KALELI: Nzuri. Nani amekufa?

MUASYA: Hakuna mtu amekufa. Kalondu hajambo? Watoto?

KALELI: Dada yako hajambo, watoto hawajambo, kahawa haijambo. Hii ni simu ya ofisi na karani ananiangalia vibaya. Sema.

MUASYA: Niko hapa Thika, hoteli ya maporomoko ya Chania. Absalom mpishi amenipa simu ya jikoni, hapa dirishani. (laini inakwaruza) Shemeji, wewe ukirudisha ile trela ya kahawa nyuma, unafanyaje?

KALELI: Rudia. Laini ni mbaya.

MUASYA: Umesikia.

KALELI: Nimesikia. Nataka opereta pia asikie.

MUASYA: Bwana Kofia, huyu ninayemwendesha, amenunua karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kufunga nyuma ya landrova. Aliponiuliza kama najua kuirudisha, nikasema nimerudisha trela miaka mitano.

KALELI: Miaka mitano. Na Krismasi, mbele ya wazee, ulisema nini juu ya mtu wa trekta?

MUASYA: Tuache hayo—

KALELI: Ulisema si dereva, ni mchungaji wa ng'ombe wa chuma. Mama yako akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

MUASYA: Shemeji, bwana ameshuka mtoni kuvua samaki. Saa kumi akipanda anataka kukuta karavani imekaa katikati ya mawe mawili meupe. Kama haijakaa, Jumatatu anaenda Mombasa na dereva mwingine, na mimi narudi kuwa tanboi. Kuning'inia nyuma ya lori, na umri huu.

KALELI: Sasa iko wapi?

MUASYA: Mkia wake uko kwa kamba ya nguo ya hoteli. Imevaa shuka nne.

KALELI: Hukuwa na mtu nyuma?

MUASYA: Absalom alikuwa nyuma. Tulipatana kama watu wa malori: akipiga bodi ya karavani mara mbili, nakuja, akipiga moja, nasimama. Akapiga mbili, mbili, mbili, mpaka nikaona shuka kwa kioo. Nimemtukana sana.

KALELI: Ngoja. Ni nini hiyo inagonga hapo?

MUASYA: Mzungu jirani. Anapigilia vigingi vya hema tangu mchana.

KALELI: Anagonga mbili mbili.

MUASYA: Ee, anagonga mbili, anapumz—

(nyundo inagonga mara mbili)

KALELI: Muasya.

MUASYA: Naam.

KALELI: Absalom anasema alipiga?

MUASYA: Anasema hakugusa karavani hata kidogo. Alikuwa anapaza sauti nisimame. Nikamwita mwongo mbele ya wapishi wenzake.

KALELI: Na bado amekupa simu.

MUASYA: Bado amenipa simu. Nimeaibika, shemeji.

KALELI: Utamwomba msamaha. Sasa sikiza. Shika usukani chini kabisa, karibu na tumbo. Mkono mmoja. Ukitaka mkia uende kulia, peleka mkono kulia. Kushoto, kushoto.

MUASYA: Mimi nilikuwa nashika juu.

KALELI: Ukishika juu inaenda kinyume, unakasirika, inajikunja. Hivyo hivyo niliangusha nguzo mbili za stoo.

MUASYA: Wewe?

KALELI: Mimi. Mpaka Kalondu akaniambia nishushe mkono. Alikuwa juu ya magunia, anaona yote.

MUASYA: Kalondu wetu?

KALELI: Vuta mbele kwanza mpaka inyooke. Halafu polepole. Na mwambie huyo mzungu—

MUASYA: Siwezi kumwambia mzungu aweke nyundo chini.

KALELI: Basi mpe Absalom sufuria na mwiko. Sufuria hailii kama kigingi.

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?

MUASYA: Ongeza. Shemeji, naona kofia inapanda kutoka mtoni. Usikate, naweka simu dirishani—

KALELI: Mkono chini, Muasya. Haloo?

OPERETA: Ameenda?

KALELI: Ameenda. Hiyo ni injini. Anavuta mbele, ananyoosha.

OPERETA: Na hiyo?

KALELI: Sufuria. Mbili. Sasa anarudi. Polepole, ndugu yangu, hakuna mtu anakukimbiza.

OPERETA: Hakusikii.

KALELI: Najua.

OPERETA: Mbili tena. Mbili. (laini inakwaruza) Moja.

KALELI: Moja? Una hakika si nyundo?

OPERETA: Moja. Sufuria kabisa.

MUASYA: (anahema) Shemeji, imeingia. Jiwe huku, jiwe huku.

KALELI: Na Bwana Kofia?

MUASYA: Amefika nikizima injini. Ameuliza mambo ya sufuria nilifundishwa na nani.

KALELI: Ukasema?

MUASYA: Nikasema kuna dereva mmoja Ruiru.

KALELI: Dereva?

MUASYA: Dereva. Krismasi nitasema tena, mama akiwepo. Wacha niende, Absalom bado ameshika sufuria na sijamwomba msamaha. Salimia Kalondu—

KALELI: Ngoja, Muasya. Hiyo Krismasi, usiseme ni mimi peke yangu. Ile ya mkono ni Kalondu ndiye—

OPERETA: Thika ameweka simu chini, Ruiru.

KALELI: Hakusikia mwisho?

OPERETA: Hakusikia. Na mwenyewe, umewahi kumwambia hivyo?

KALELI: Nani, Kalondu? Bado.

OPERETA: Basi kumwambia yeye huhitaji simu. Kwaheri, dereva.