Kiponda Hakukataa

Sogeeni, wanangu, kaeni mahali nitakapoziona nyuso zenu, na mmoja wenu akamwombe jirani apunguze redio, maana sauti yangu ya leo si ile iliyokuwa ikiwaita kutoka barabarani mkaitika abee hata kabla hamjajua mmeitiwa nini. Nyamvula, mama, niinulie mto. Kai, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa miguuni. Na wewe Lenox, najua mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe akajinyoosha kama paka wa nyumbani, lakini leo nimekuita mwenyewe, basi keti hapo mlangoni usikie kila neno, kwa sababu mikono yako ina kazi katika wosia huu.

Mafupi niyamalize kwanza. Nyumba hii ya Junda ni yenu nyote wawili, Kai na Nyamvula, na asije mtu akapitisha ukuta katikati. Minazi ya Kaloleni ni yenu pia, na mgema aliyeko asiondolewe, hata kama ana mdomo mrefu, kwa kuwa hajawahi kuniibia. Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze juu ya pikapu.

Mnatazamana. Mnajiuliza mzee anakata roho na bado anawaza gari, na gari lenyewe mkweche, liko pale nje boneti wazi, matumbo yake yametandazwa juu ya gunia. Naam, ndilo ninalowaza, na sifi mpaka nijue mtalitia vyuma gani, kwa hiyo tulieni.

Pikapu ile nimeishika usukani tangu Nyamvula hajaota meno. Imebeba mawe ya kujengea, makuti, nazi za kupeleka Kongowea, na maharusi wawili ambao mpaka leo wanapigana. Lakini kazi yake ya heshima mnaijua: akifa mtu wetu huku Kisauni, awe wa Rabai au wa Kaloleni, sisi ndio tunaompeleka kwao akalale na wazee wake, na hatujapata kumtoza mfiwa. Sasa imezeeka kama mimi. Inatoa moshi wa buluu, inakunywa oili kama mlevi aliyepata matanga, na ikiona mlima inachemsha. Nimewasikia mkibishana hapo uwanjani, mkidhani ukuta huu hauna masikio. Nyamvula anataka iuzwe kwa wanunua vyuma chakavu tununue tuktuk. Lenox anataka injini ileile ijengwe upya. Na wewe Kai unataka ing'olewe yote itupwe, tutie nyingine kubwa iliyotoka Japani, yenye tabo, ile ya kuisukumia injini hewa na nguvu, ipae kama ndege, na huyo rafiki yako wa pale bandarini yuko tayari kuileta hata kesho.

Mbio za kwenda wapi, baba? Kutoka hapa mpaka Kongowea kuna matuta kuliko nyumba! Giaboksi ni ileile ya zamani, ekseli ni ileile, breki zenyewe wazijua. Ukiitia nguvu ya tabo chasisi iliyoliwa na kutu ya pwani, utafika kweli haraka, lakini si unakokwenda. Nasema hivi, na neno langu lisipinduliwe nikishafunikwa: ijengwe ileile. Silinda zichongwe, zitiwe pistoni mpya na ringi zake, beringi za chini zote zibadilishwe hata ile itakayoonekana nzima, na pampu ya maji iwe mpya, si ya kuokota. Katika jambo moja Kai ana haki, kwamba hatuwezi kubaki na nguvu ya jana. Basi tia redieta nene, pana kuliko ile ya kwanza, na feni kubwa, maana gari linalopanda Rabai na watu nyuma linataka baridi kabla halijataka mbio. Na hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda, itafutwe mpya. Ile ya zamani msiiuze. Msiitupe. Nitasema kwa nini, na hapo ndipo penye wosia.

Nipe maji kidogo. Asante, mama.

Mnakumbuka mazishi ya Kiponda, mtu wetu wa hapa Kisauni. Mimi nilikuwa nimekwisha kulala kitanda hiki, lakini niliyaona yote kwenye simu ya Nyamvula, kwa kuwa siku hizi hata aibu ya mtu hupigwa picha ikatumwa kwa waliokuwapo na wasiokuwapo. Kai aliendesha. Jeneza nyuma, ndugu zake Kiponda wamelizunguka, na mjane, Roseline, ameketi juu ya gurudumu la akiba. Katikati ya mlima wa Rabai, mchana jua la utosi, gari likazima. Na ninyi watu wangu, kwa desturi yetu, gari la maiti likizima njiani hakuna anayefungua boneti. Tunasema maiti amekataa. Tunasema ana kinyongo na mtu. Ndugu yake mkubwa akamwaga mnazi barabarani, akaligonga jeneza, akasema, Kiponda, kama kuna aliyekukosea, tumlete akuombe radhi. Kisha wote wakageuka wakamtazama Roseline, kwa sababu ndiye mgeni, ametoka bara, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wakampigisha magoti juu ya lami. Lami ya saa ile! Nilimwona akiomba radhi kwa jeneza. Aliomba radhi kwa maneno makali ya zamani, akaishiwa. Akaomba radhi kwa chumvi kuzidi mchuzini, akaishiwa. Mwisho akaomba radhi kwa kosa asilolijua, alitaje Kiponda mwenyewe. Nililia, wanangu, mimi mtu mzima, nikiwa hapa kitandani na simu mkononi. Na injini ilipopoa, gari likawaka. Vigelegele! Ikawa imethibitika. Kufika nyumbani wakazika, na matanga yalipoisha wakamfungia mwanamke nyumba aliyoijenga na mumewe, wakisema marehemu mwenyewe amemshtaki. Sasa yuko chumba cha kupanga Bombolulu, anashonea watu mikoba, na akipita sokoni wanawake wanavuta watoto pembeni.

Juzi Lenox alipofungua injini aliniletea hedi hapa kitandani. Nikaipitishia kidole. Ina ufa kutoka tundu moja mpaka la pili, na gasketi yake imeungua imekuwa kama samaki aliyesahauliwa jikoni. Kile kidude kinachozuia na kuachia maji ya redieta hakimo, kilitolewa na kutupwa, kwa sababu madereva wetu husema Mombasa joto ni la bure, gari la nini kupashwa moto. Na redieta yenyewe, imejaa kutu nyekundu, kwa kuwa miaka yote hii mmeitilia maji ya kisima chetu, maji ya chumvi ambayo hata chai yake mnaitema. Chuma kimeliwa kutoka ndani, hata mapanga ya pampu ya maji. Maiti haulizwi sanda, sembuse mlima wa kupanda! Kiponda hakukataa. Kiponda alikuwa amelala zake. Kilichokataa ni pampu ya maji.

Kai, usiangalie chini. Sikuiti mwizi wala muuaji. Lakini kwenye picha ile, wakati watu wote wanamtazama Roseline, wewe unaonekana pembeni na mtungi, unatia maji kwenye redieta kimyakimya. Ulijua. Ulijua gari limechemsha, ukanyamaza, kwa sababu ungesema, wangeuliza dereva alikuwa wapi siku zote gari linapovuja. Na sasa unataka injini yote iende kwenye vyuma chakavu na ufa wake ndani, ndiyo maana ya tabo, ndiyo maana ya haraka. Tena shemeji yako unamwita huyu wa bara anajifanya fundi, kumbe kosa lake ni kuuona ufa. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi ni baba yako na nakupenda, na kwa kuwa nakupenda sitakuachia jambo hili uzeeke nalo.

Basi amri yangu ni hii. Kabla hata ringi moja haijanunuliwa, uichukue hedi ile, uende nayo kwa Roseline, uiweke mbele yake na umwonyeshe ufa kwa kidole chako. Kisha uende naye kwa ndugu zake Kiponda, uwaambie kwa kinywa chako, pale pale walipomfungia mlango. Watakutukana; waache watukane. Watasema gari letu lisibebe tena maiti wao, wana haki. Lakini mlango ule ufunguliwe. Nyamvula, wewe ushike ufunguo wa gari, na usimpe ndugu yako mpaka Roseline akuambie mwenyewe kwamba amelala kwake.

Na siku yangu, jengeni au msijenge, mkinipeleka Kaloleni gari likazima, msimpigishe mtu magoti. Fungueni boneti. Mimi nitangoja, sina... sina pa kuchelewa.

Nileteni kikombe. Niwapulizie maji ya baraka, kama baba alivyonipulizia mimi. Inamisheni vichwa, na wewe Lenox, njoo, leo hakuna mlango. Mungu awa... Ah. Yamenimwagikia kidevuni. Pumzi haitoshi. Basi chukueni hayo hayo ya kidevuni, mjipake. Mzae. Mle pamoja. Neno lenu liwe moja, mchana na... na usiku.

Nani amesimama? Kai? Sikuoni vizuri, ni wewe? Unaenda sasa? Nyamvula, usimwambie angoje jua lipoe. Roseline hakungojewa.

Lenox. Nenda naye, mwanangu. Shika hedi upande wa pili. Ni nzito ile.