Kicheko cha Mzee Asiyesikia

Nilikaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi. Kiti cha katikati yao kilikuwa kimezuiwa kwa utepe, kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Binti wa chuo kikuu, daftari kifuani, alimwambia muuguzi asiyemjua, "Babu niliyekwenda kumhoji alikuwa hasikii, husoma midomo. Nikavua barakoa anielewe. Niliporudi nikapima, kumbe ninao. Wiki ya pili wakamzika."

"Pole, mwanangu. Sasa unakwenda wapi?"

"Kwa mjane wake. Ananishukuru, eti siku ile mzee alicheka."

"Utamwambia?"

"Nitaanzaje, mama?"

"Usipomwambia, atakukalisha kwenye kiti cha marehemu."

"Nikimwambia, nitamnyang'anya hata hicho kicheko."

Mimi hodari wa vitendawili, lakini hapo ningewapa mji.

Basi likasimama. Binti akaikaza barakoa yake vizuri sana, akashuka.