Simu Iliyonyamazishwa

Asubuhi hiyo fundi simu alikuwa na maneno mengi kuliko kahawa iliyokuwa kwenye birika. Benchi la wanywa kahawa liko mbele ya kibanda chake, na ukikaa hapo utake usitake utasikia habari za simu alizozifufua. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Daktari. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa na kikombe chake cha pili. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa na cha nne, na alishaanza kupinga kabla hata hajasikia.

— Jana kaja dada mmoja na simu ya kaka yake, Daktari alisema. Kioo tu, kimepasuka. Nawasha, lahaula! Inaongea! Nikigusa hapa, “Betri.” Nikigusa pale, “Ujumbe.”

— Virusi hivyo, kinyozi akasema.

— Virusi gani vyenye adabu namna hiyo? Breki akadakia. Wezi hao! Wanaisomesha simu kwa sauti ili wenzao wasikie huko waliko.

— Huko wapi?

— Mbali! Kwenye mitambo! Wewe kata nywele.

— Mimi naona imezeeka tu, kinyozi hakukubali kushindwa. Bibi yangu naye alianza hivyohivyo. Akiona kijiko, anasema kijiko.

Walicheka mpaka Breki akapaliwa.

— Basi nimehangaika nayo saa nzima, Daktari akajipiga kifua. Nikaizima ile sauti kabisa. Na hiyo nimemfanyia bure!

Walikuwa bado wanampongeza fundi, mwanamume mmoja alipokaribia, fimbo nyeupe ikigonga ukingo wa barabara.

— Habari zenu. Namtafuta fundi simu.

— Umefika, kaka.

Mgeni akatoa simu yenye kioo kipya.

— Tangu jana jioni haisemi. Mimi sioni, fundi. Sauti ile ndiyo ninayosomea.

Daktari aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaipokea, akabonyeza, na sauti ikarudi. Ikaanza kusoma papo hapo, benchi zima likisikia:

“Ujumbe mmoja. Jana, saa kumi na mbili jioni. Fika kesho saa mbili asubuhi kwa majaribio ya kazi ya kupokea simu. Ukikosa, nafasi atapewa mwingine.”

Kinyozi akatazama saa yake. Saa tano kasorobo.

— Ndugu yangu, nisamehe, Daktari akasema. Ni mimi niliyeizima. Nilidhani ni ugonjwa.

Mgeni hakupandisha sauti.

— Ulipoisikia inaongea, ulidhani inaongea na nani?

Breki akatazama kikombe chake.

Mgeni akapapasa kioo kuwapigia waliomwita kazini, simu ikimtajia namba mojamoja, kisha akaiweka sikioni. Ikaanza kuita. Daktari alisimama pale akiomba kimoyomoyo ipokelewe.