Abdulmalik, Mfupa wa Paja na Kanzu ya Idi

Ndugu waombolezaji, assalaamu alaikum. Naitwa Muhiddin, kaka mkubwa wa marehemu, na tangu Jumanne moyo wangu haujakaa mahali pake.

Marehemu Abdulmalik Safari alizaliwa Ilala tarehe 14 Machi 1986, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1994 hadi 2000, na sekondari hadi 2004, kisha akaingia Kariakoo kuuza magodoro, kazi aliyodumu nayo mpaka mwisho. Tarehe 8 Septemba 2012 alimuoa Badria, wakajaaliwa Nour na Najma.

Kuugua hakuugua. Jumanne tarehe 10 Juni 2025 stoo ya magodoro iliungua na kuporomoka, ndani wakiwa yeye na mwenzake Mrisho, ukatolewa mwili mmoja tu, usiotambulika kwa sura wala nguo. Wa nani? Jamani, hofu ile simuombei hata adui. Pale mochwari daktari alipima mfupa wa paja, akakadiria urefu wa mwenyewe kuwa kati ya sentimita 177 na 185, akasema urefu peke yake hautaji jina, ila kwa kuwa wanaotafutwa ni wawili, unaweza kuwatenganisha, haya, wenu alikuwa na urefu gani? Sasa nani anampima mtu mzima? Mama akasema wake mrefu, na Bi Zamzam, mama yake Mrisho, naye akasema wake mrefu, mzazi gani atasema wake mfupi?

Tukapeleka kanzu ya Idi ya Abdulmalik. Daktari akaipima bega hadi pindo, akahesabu kama kanzu inayofika kifundoni, akapata mtu wa sentimita 165. Si wetu! Mama akapiga vigelegele, Mungu amsamehe, na Bi Zamzam amekaa benchi lile lile. Aliyesimama ni Badria, akamwambia daktari kwamba kanzu zote za mumewe ziliishia katikati ya muundi, alizitaka hivyo kufuata sunna. Angeweza kunyamaza. Daktari akaongeza kipande kilichopungua, urefu ukafika 180, sawa na mfupa ulivyosema, na suruali ya Mrisho aliyoileta Bi Zamzam ikatoa mtu wa 168 tu, na leo Badria yuko eda.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wenzake wa Kariakoo ambao mpaka sasa wanafukua vifusi. Bi Zamzam yuko ndani na kina mama, amekuja kuzika nasi, nawaomba sana mkimsalimia msimpe pole, mwanawe hajapatikana, na kila simu ikilia anainuka.

Mola akurehemu, mdogo wangu, pumzika kwa amani, wewe tumekupata.