Pori Tupu

Basi la Newala lilikuwa linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Sauti ya Mama Wema ilikuwa imeshafika juu zamani. "Siku hizi soko huria, Baba Ashiru! Kampuni ichukue pori la kijiji, ituchimbie kisima. Mpaka lini nitateremka bondeni na ndoo?"

"Maji hata mimi nayataka," alisema Baba Ashiru, mzee aliyekaa nyuma yake, "lakini lile pori haliuzwi!"

"Kwani mnalilima?"

"Hatulilimi."

"Mnakata kuni?"

"Thubutu!"

"Sasa lina nini?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwelewa. Wanaume wote wa huku tumechezwa jando humo, na ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake. Tukaanza kutazama mikorosho nje kana kwamba hatujawahi kuiona.

"Haya!" mzee alifoka. "Basi wapeni lile mnaloingia ninyi wanawake, kule nyuma ya zahanati. Nalo si tupu?"

Mama Wema alisimama wima, basi likiwa katikati ya kona. "Lile? Weee! Lile asiliguse mtu!"

"Kwani lina nini?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Wanawake wote wakageukia mikorosho. Lina nini sijui, mimi mwanaume.

"Makote!" konda aliita. Walishuka wote wawili mbio, wakibishana, kuwahi mkutano wa kijiji. Kupitia dirisha nilimwona mtu wa kampuni amesimama kando ya barabara mbele ya watu, wanaume huku, wanawake kule, akiuliza kwa upole, "Jamani, kwani humo mna nini?"